Kilo zimepungua, misuli je?

Mtu mwenye kisukari akishafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kila anayekutana naye humuuliza swali lile lile: "Umepungua kilo ngapi?" Nimeulizwa kazini, sokoni, hata msibani. Ushauri wangu kwako unayejiandaa, au uliyetoka hospitali juzi, ni kwamba swali hilo uwaachie wao. Wewe uliza kilichopungua ni nini.

Kilo zinazotoka si mafuta matupu. Kwa wengi, kama moja ya tano hadi robo ya uzito unaopotea si mafuta, bali misuli na maji yake, na sehemu kubwa huondoka miezi ya mwanzo, wakati tumbo bado linapokea chakula kidogo mno. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayojaa kwenye ini na kuzunguka kongosho, nayo hupungua haraka, na kwa mgonjwa wa sukari hiyo ndiyo neema yenyewe, maana ndiyo yanayoufanya mwili usiisikilize insulini. Sasa kumbuka kwamba baada ya mlo, sukari nyingi hupokelewa na misuli. Misuli ndiyo ghala lake. Mafuta yakiondoka na misuli ikabaki, umefaidika mara mbili. Vyote vikiondoka pamoja, unakuwa mwembamba lakini ghala limebomoka.

Mimi nilifanyiwa ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, likabaki kama mrija. Wengine hufanyiwa ule wa kuchepusha njia ya chakula, ambao kwa kisukari huwa na nguvu zaidi. Siongelei puto la kuwekwa tumboni, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kupitia Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Puto huwekwa na kutolewa bila kukatwa kitu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba sukari ilianza kushuka kabla hata gauni halijalegea. Unakula kidogo mno, na homoni za utumbo nazo hubadilika. Hapo pana hatari. Ukiendelea na insulini au vidonge kama glibenklamaidi kwa dozi ya zamani, sukari itaanguka: kijasho chembamba, mikono kutetemeka, kichwa kuwa chepesi. Usitoke wodini bila karatasi iliyoandikwa dozi mpya ya kila dawa, na namba ya kupiga usiku. Macho pia yapimwe kabla ya upasuaji, kwa sababu sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishuka ghafla, mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kudhurika.

Turudi kwenye misuli, maana ndipo kazi yako ilipo. Wataalamu wa lishe hutaka angalau gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ukisikia hivyo unaona ni rahisi, mpaka ukae mezani na tumbo linalojaa kwa vijiko vichache. Yai moja lina gramu kama 6. Glasi ya maziwa, 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kinakupa 20 na zaidi, ndiyo maana sato na changu wamekuwa rafiki zangu wakubwa. Kanuni yangu mezani ni protini kwanza, mboga zifuate, ugali au wali mwisho kama nafasi ipo. Maji nanywa katikati ya milo, si pamoja na chakula. Dagaa nawachambua, nawaosha vizuri, nawakausha na kuwasaga, kisha unga wake nauchanganya kwenye mchuzi au uji usio na sukari. Mtindi usiotiwa sukari unapita vizuri asubuhi. Kama figo zako zina shida, usijipangie kiasi mwenyewe, muulize daktari.

Chakula peke yake hakitoshi, kwa sababu msuli usiofanyishwa kazi mwili huuona hauna faida. Kutembea anza mapema, hata kwenye korido ya wodi. Daktari akisharuhusu kubeba uzito, anza na kitu kigumu zaidi: kukaa na kusimama kwenye kiti mikono ikiwa kifuani, kusukuma ukuta, kuinua chupa za maji za lita moja na nusu. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo alinifundisha kipimo ambacho hakihitaji mashine: simama na kukaa kitini mara tano bila kushika popote, saa ikikuhesabia. Ukiona wiki hadi wiki unachukua muda mrefu zaidi, au kuinuka kwenye mkeka kumekuwa shughuli, misuli inapotea hata kama mizani inakufurahisha.

Na watu watasema. Huku kwetu mwili ukipungua, wanaanza kunong'ona ukimwi au kurogwa. Inaumiza, nisifiche. Shangazi yangu aliniangalia baada ya kunipokea shikamoo, akaguna: "Mwanangu, mbona umenyauka hivi? Kula." Nikamshika mkono nikamwambia, "Shangazi, nakula, ila naanza na samaki." Tangu siku hiyo, kukiwa na shughuli, kipande changu anakiweka pembeni kabla pilau haijapakuliwa. Mpate mtu wa namna hiyo katika ukoo.

Lakini kuna kukonda kwingine ambako hakustahili pongezi. Uzito ukishuka huku kiu imerudi na unaamka usiku kukojoa mara kwa mara, pima sukari siku hiyo hiyo. Sukari ikipanda sana, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na ndugu wataendelea kukusifia kwamba upasuaji umekubali.

Mifupa nayo hupoteza uzito, kwa hiyo kalsiamu na vitamini D si hiari. Vitamini B12 na madini ya chuma vipimwe, hasa kama umetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, kwani nayo hupunguza B12.

Wala usidhani umemaliza. Hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani ilifuatilia wagonjwa 150 wa kisukari, na matokeo ya miaka 5 yalitoka 2017. Waliofikia asilimia 6 au chini katika kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu walikuwa 29 kwa kila 100 waliochepushwa njia ya chakula, 23 waliokatwa tumbo kama mimi, na 5 tu waliotumia dawa peke yake. Ni tofauti kubwa, na ninashukuru kwa yangu, lakini wengi bado walibaki juu ya kiwango hicho.

Kwa hiyo kliniki usikubali kupandishwa mizani tu ukaambiwa hongera. Omba kiuno kipimwe kwa futi kama ya fundi cherehani. Kama ipo mashine ya kupima mafuta na misuli, pima saa ile ile kila safari, kabla ya kunywa maji mengi, kwa sababu maji huiyumbisha. Fanya lile zoezi la kiti mbele ya nesi, na matokeo yote yaandikwe kwenye daftari lako karibu na kilo, ili daktari ajaye ayaone pamoja.