Mlango wa Coccinelle unaoning'inia: usiguse gashi, angalia pin kwanza

Mukubwa, nimesoma swali lako. Unasema mlango wa dereva wa Coccinelle (Volkswagen Beetle) yako ya 1971 lazima uunyanyue na mkono ndio ufunge, na fundi anataka ashushe gashi (kile chuma cha kwenye bodi loki inaposhika) kidogo ama ununue mlango mwingine. Usimpe pesa kwanza. Mimi niko na ya 1972 hapa Goma, nilipita mule mule, na nilipoteza karibu mwaka mzima juu ya kusikiliza maneno kama hayo.

Fundi wangu wa kwanza alishusha gashi, kweli mlango ukafunga poa, nikamulipa na soda juu. Miezi mitatu hivi ukaanza tena, na sasa gashi imefika mwisho haishuki, basi akaja mwingine wa kusudire (kuchomelea chuma) akaniwekea tone la chuma chini ya bawaba (sharinyeri vile tunaita huku) eti lisukume mlango juu. Huo ulikuwa ujinga kabisa, na nililipa mwenyewe. Bawaba ikawa inakwaruza, rangi ikaruka, mlango haukukaa vizuri kwenye jwanti (mpira wa kuzuia maji), na mvua ya Goma munaijua, maji ikaingia ikatembea chini ya tapi (zulia) mpaka chini ya kiti cha nyuma, kule batri ya Coccinelle inakaa. Niligundua siku nimeinua kiti natafuta harufu inatoka wapi.

Jaribu hivi hata leo jioni. Fungua mlango nusu, mtu ashike mwisho wake kwa chini, aupandishe na kuushusha polepole, wewe weka macho na kidole kwenye bawaba. Ukiona nusu moja ya bawaba inapanda na ingine inabaki, pin (kile chuma cha duara kinachopita katikati ya bawaba) imekwisha. Kama bawaba nzima inatembea na mahali imefungiwa, ni visi (skrubu) zimelegea ama nguzo imeoza na kutu, na hapo hata uweke pin ya dahabu ni bure, tafuta mtu wa tole (fundi wa bodi).

Watu wanaona nusu milimita si kitu. Angalia basi: bawaba ya juu na ya chini zikiwa mbali sm 40, na toka bawaba mpaka loki ni kama mita moja, kila kitu kinazidishwa mara mbili na nusu. Ya juu inavutwa nje, ya chini inasukumwa ndani, nusu milimita huku na nusu kule, kwenye loki mlango umeshuka milimita 2 na nusu. Ndio ile unanyanyua na mkono. Loki na gashi hazina kosa lolote.

Pin yangu ilipotoka ilikuwa imekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Sababu niliiona baadaye: juu ya bawaba kuna kitundu kidogo cha kutia huile (mafuta), na mtu aliyepaka gari rangi zamani alikiziba. Ongeza vumbi letu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 tumeivunjavunja, tunaijengea, tunaitandika njiani, unga wake unasaga chuma kama msasa. Ndiyo maana mimi siweki grisi pale, grisi inashika vumbi inakuwa dawa ya kusagia. Matone ya huile ya motere, upanguse inayozidi, basi.

Kazi yenyewe: mlango uuwekee jeki kwa chini na kipande cha mbao na kitambaa, na utoe pin MOJA tu kwa wakati. Ukitoa zote mbili mlango unakuja na kukutafuta. Usifungue visi za kwenye nguzo kama haina lazima, zile zinagoma, kichwa kinaharibika, na zikilegea unapoteza mlingano wote. Pin imwagie huile nyepesi usiku mzima. Ina meno upande mmoja, hayo ndiyo yanaishika kwenye nusu moja ya bawaba, kwa hiyo tazama meno yako wapi ndipo uipige toka upande mwingine. Yangu ya chini iligoma siku mbili, nikaipa moto kidogo na kitambaa cha maji kwenye rangi, ikatoka na kelele.

Sasa tundu la bawaba, pale pin inapita. Kama bado ni la duara, pin mpya ya kipimo kile kile inatosha. Kama limekuwa kama yai, na mara nyingi limekuwa, pin mpya utaweka leo na mwezi ujao tutaonana tena hapa. Lazima tundu lipanuliwe na alezwari (chuma cha kunyoosha na kupanua tundu) mpaka liwe duara, na pin inene kufuata tundu. Usikubali mtu apanue na meshi (ncha ya kutobolea) ya kawaida ameshika mashini na mkono, inafuata lile yai. Wala usikubali wajaze na sudire, inakuwa ngumu na kazi inaongezeka.

Pin nene mimi nilitengenezewa na turneri (fundi wa mashini ya kuchonga chuma) wa mtaa wa Birere hapa Goma. Alianza kushika kipande cha fer à béton (nondo) nikamwambia hapana muzee, hiyo ni laini. Tulichukua mkia wa supapu (vali) ya zamani ya motere ya kamyo, chuma kigumu, kimenyooka, kimeng'aa tayari, akakikata na kukitengenezea meno. Dola 15 kwa zote mbili.

Ukimaliza ndio urudishe gashi mahali ilikuwa, alama ya zamani inaonekana kwenye rangi. Mlango wangu siku hizi nausukuma na kidole kimoja. Ule wa abiria bado, nao umeanza kulia, lakini kule hapandi mtu sana isipokuwa mama watoto, na yeye ameshanipa tarehe.