Maswali yenu: Kujitolea nje ya nchi bila kupoteza hela wala akili

Anti, nimeahidiwa nafasi ya kujitolea kwenye nyumba ya wazee Ujerumani. Wakala anataka milioni mbili nimtumie kwa simu "ashikilie nafasi". Anasema niingie na viza ya kitalii, nitaibadilisha hukohuko. Mama anataka kuuza kiwanja cha Kisesa. – Binti wa Nyegezi

Mwambie mama kiwanja kibaki. Viza ya kitalii ya kule mwisho wake siku 90, na kwa kawaida Mtanzania haruhusiwi kuigeuza akiwa tayari ndani. Viza ya muda mrefu inaombwa kabla ya kupanda ndege, kupitia ubalozi wao Dar es Salaam. Huyo wakala anakupeleka ukaishi bila kibali, na asiye na kibali anaogopa kwenda polisi hata akidhulumiwa. Hilo linanitisha kuliko hizo milioni mbili.

Njia halali zipo. Mpango wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani ulianza 2008 kwa kuleta vijana wao huku. Tangu 2013 unapokea na wa kwetu, wa miaka 18 hadi 28, na unagharamia tiketi, malazi, bima na pesa ya mfukoni. Tena Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, kwa hiyo humu mjini wapo waliokwenda wakarudi. Watafute, uwaulize walipitia wapi. Kisha itafute mwenyewe namba ya hiyo nyumba ya wazee, usitumie aliyokupa wakala, upige uulize kama jina lako wanalo. Wakisema hawakujui, umepona.

Niko Kampala, najitolea kituo cha watoto. Mkurugenzi amechukua pasipoti zetu "kwa usalama". Ni sawa? – Kijana wa Igoma

Si sawa. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Abaki na nakala. Iombe kwa heshima, mbele ya wenzako, na umtumie pia ujumbe ili ombi libaki kwenye maandishi. Akizungusha, nenda ubalozi wetu hapohapo Kampala. Na leo hii mtumie dada au kaka yako picha ya pasipoti na ya mkataba.

Nina miezi mitatu Ujerumani. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, usingizi sipati. Ndugu wanaomba hela kila wiki mpaka nimeacha kupokea simu. Kuna mtu ananiambia nifanye kazi za usiku za pembeni. – Mtoto wa Kirumba

Pole sana mwanangu. Kazi za pembeni ziache, kibali chako ni cha kujitolea na unaweza kukipoteza. Ndugu zako hawana roho mbaya. Hakuna aliyewaambia kwamba pesa ya mfukoni inaishia kwenye sabuni, vocha na nauli. Usimjibu kila mmoja peke yake. Rekodi sauti moja, itume kwenye kundi la familia: "Shikamooni wazee wangu. Huku sina mshahara, nahudumia wazee, chakula na kitanda napewa. Mwaka huu sitaweza kutuma hela. Naomba mniombee na mnipigie Jumapili." Mjomba mmoja atanuna. Mwache anune, mama yako ataelewa, na simu za nyumbani utaanza kuzipokea tena.

Kuhusu giza: toka nje mchana, hata nusu saa, jua likiwepo au lisiwepo. Mwambie msimamizi wako wiki hii kwamba hulali, usingoje uzidiwe. Na ukijikuta unafikiria kujidhuru, piga 112 hapohapo. Ni bure, na inafanya kazi Ulaya yote.

Nimerudi Ukerewe baada ya mwaka mzima Ulaya. Nimezaliwa hapa, malaria naijua. Bado nahitaji neti? – Bwana wa Nansio

Unaihitaji kuliko jirani yako. Kinga tunayoijenga kwa kuugua tangu utotoni hupungua ukikaa mbali na mbu wetu, na malaria ya sasa inaweza kukulaza kuliko zile za zamani. Lala ndani ya neti kuanzia leo. Homa ikianza, kapime siku hiyohiyo, na mwambie daktari umetoka nje karibuni. Wanaoelekea Ulaya nao wakumbuke: ukipata homa kule, taja mapema kwamba umetoka ukanda wa malaria, maana daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua tu.