Kazi zinakwamia wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu programu za kupanga kazi

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: programu ipi ya kusimamia kazi inazishinda nyingine zote? Hakuna hiyo. Programu inayowafaa mafundi wa kompyuta wanaorekebisha hitilafu mia kwa wiki itaichosha ofisi ya watu watano wanaoandaa mikutano. Kwa hiyo katika kila jibu tumeanza na mahali kazi inapokwama, ndipo tukataja kifaa.

Sisi ni watu saba. Maagizo yote hupita kwenye kundi la WhatsApp, na kila wiki kuna jambo linasahaulika. Bosi anataka tununue programu kubwa yenye kila kitu. Tuanzie wapi?
*Msimamizi wa ofisi*

Msinunue chochote wiki hii. Fungua kundi hilo, rudi nyuma wiki mbili, na kila ujumbe unaomtaka mtu afanye jambo uuandike kwenye mstari wake: nini kifanyike, nani aliambiwa, lini kiwe tayari, na kama kilifanyika. Ni kazi ya saa moja au mbili, na itakuonyesha mengi kuliko matangazo ya wauzaji.

Utakuta maagizo yaliyopotea ni ya aina tatu. Kuna yasiyo na jina, mfano “jamani mtu aishughulikie ile ankara.” Kuna yenye jina lakini hayana tarehe. Na kuna yaliyokuwa na vyote viwili, ila yakazama chini ya salamu na picha. Programu itawasaidia moja kwa moja kwenye aina hii ya tatu tu. Zile mbili za mwanzo ni mazoea ya watu, na mazoea hayo yatahamia ndani ya programu pamoja nanyi: mtakuwa na kadi (vibandiko vya kazi ndani ya programu) zisizo na mwenyewe badala ya ujumbe usio na mwenyewe.

Kwa watu saba mnahitaji vitu vichache: jina la kazi, mwenye kazi mmoja, tarehe ya mwisho, mahali pa kuandika maoni, na nafasi ya kuambatisha faili. Chati za mapato, saa za kazi na ripoti za rangi zinaweza kusubiri. Kuhusu mwenye kazi, programu zinatofautiana. Asana inakubali mtu mmoja tu kwa kila kazi, wakati Trello inakuruhusu kuweka watu kadhaa kwenye kadi moja. Sisi tunasimama na utaratibu wa kwanza hata kwa wanaotumia Trello: wekeni mtu mmoja kwenye kadi, wasaidizi watajwe kwenye maoni. Kazi ikiwa na watu watatu, kila mmoja anadhani mwenzake ameianza.

Kisha chagueni programu mbili za kujaribu, zisizidi hapo, na mpeleke kazi moja ya kweli ndani ya kila moja kwa wiki mbili. Msitumie kazi za kubuni, kwa sababu hazina mtu anayechelewa wala faili iliyokosekana. Angalieni mambo matatu. Je, mtu aliyesimama mlangoni na simu mkononi anaweza kuingiza kazi mpya bila kupita kurasa nne? Je, kila mtu anaona kazi zake za wiki hii kutoka miradi yote kwenye ukurasa mmoja? Na Ijumaa, bosi anaweza kuona kilichochelewa bila kumpigia mtu simu? Programu ikishindwa la pili, iacheni hata kama mengine yote ni mazuri. Mtu anayelazimika kufungua mbao sita za miradi ili ajue afanye nini leo atarudi kwenye daftari lake.

Wekeni na sharti hili tangu siku ya kwanza: anayeomba kazi ndiye anayeiingiza. Mkimteua mtu mmoja wa kuhamisha maagizo kutoka WhatsApp, siku akiumwa mfumo wote unalala naye.

Wengine hapa ofisini wanataka ubao wa kadi, wengine wanataka chati ya Gantt. Tufuate nani?
*Mratibu wa miradi*

Inategemea kama kazi zenu zinasubiriana au zinamiminika tu.

Chati ya Gantt, yaani mchoro unaoonyesha kila kazi kama mstari kwenye kalenda, ilienezwa na mhandisi wa Marekani, Henry Gantt, katika miaka ya 1910. Nguvu yake ni kuonyesha kipi hakiwezi kuanza kabla ya kingine. Chukua mfano wa kutoa ripoti: kuandika siku 5, kuhariri siku 3, kusanifu kurasa siku 4, kuchapa siku 6. Picha nazo zinahitaji siku 2, na lazima ziwe tayari kabla ya kusanifu. Mnyororo mrefu ni siku 18. Mwandishi akichelewa siku moja, ripoti nzima inachelewa siku moja. Mpiga picha ana siku 8 za kufanya kazi ya siku 2, kwa hiyo akichelewa siku tano hakuna atakayeumia. Bila chati, msimamizi huweza kumfokea mpiga picha na kumwacha mwandishi, na hapo ndipo mradi unapoharibikia. Mkichagua njia hii, hakikisheni programu inasogeza tarehe za kazi zinazofuata pale moja inapochelewa. Zipo zinazochora mistari tu ya kupendeza, halafu kila tarehe unaisogeza kwa mkono.

Ubao wa kadi, yaani kanbani, ulitoka katika viwanda vya Toyota nchini Japani, na mtu anayehusishwa nao zaidi ni Taiichi Ohno. Unafaa kazi zinazoingia kila siku bila mpangilio: maombi ya wateja, marekebisho, makala, ankara. Wengi huchukua safu zake tatu, “bado”, “inafanyika” na “imekwisha”, na kuliacha jambo lenye thamani kuliko yote, ambalo ni kikomo cha kadi katika safu ya katikati. Kuna kanuni ya hesabu iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961. Kwa wastani, muda wa kazi moja ni idadi ya kazi zilizo mkononi ukigawanya kwa idadi mnazomaliza kila wiki. Mkiwa na kazi 12 mkononi na mnamaliza 4 kwa wiki, kila kazi itakaa wiki 3. Mkijizuia zisizidi 6, na bado mnamaliza 4, itakaa wiki moja na nusu. Hakuna aliyeongeza mwendo wala kulala ofisini. Tunawasihi mlijaribu hili kabla ya kufikiria kuongeza watu.

Kama mna kazi za aina zote mbili, tafuteni programu inayoonyesha orodha ileile kwa sura zote mbili. Msiweke mifumo miwili sambamba. Baada ya wiki tatu haitasema kitu kimoja.

Nilihamisha kazi 400 kutoka Excel kwenda kwenye programu mpya kwa faili ya CSV. Tarehe nyingine zimekuwa za mwezi mwingine kabisa, na majina ya wateja yana alama za ajabu. Nimekosea wapi?
*Karani wa kumbukumbu*

CSV ni jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato. Haya ni matatizo mawili tofauti, na yote yanatibika.

Tarehe kwanza. Faili yako ina kitu kama 03/04, nawe ulimaanisha tarehe 3 mwezi wa 4. Programu imesoma kwa mtindo wa Marekani: mwezi wa 3, tarehe 4. Hatari yake ni kwamba haikulalamika. Ilipofika 25/04 ilishindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kwa kawaida huiacha nafasi hiyo tupu. Kwa hiyo ukiona baadhi ya tarehe ni tupu, usidhani zilizobaki ni salama. Hizo ndizo zilizopinduka. Dawa ni kubadili safu yote ya tarehe kuwa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-04-03, kabla ya kuhifadhi faili. Mpangilio huo hausomeki kwa njia mbili.

Alama za ajabu zinatokana na usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyogeuza herufi kuwa namba. Unapohifadhi kutoka Excel, utakuta CSV zaidi ya moja kwenye orodha ya aina za faili; chagua iliyoandikwa “CSV UTF-8”. Kisha ifungue faili kwa kihariri cha maandishi matupu, si kwa Excel, utazame mistari mitano ya mwanzo. Kama kitenganishi ni nukta mkato badala ya mkato, hiyo ni mipangilio ya lugha na eneo ya kompyuta yako, na programu nyingi zitakumiminia mstari mzima ndani ya safu moja.

Futa ulichoingiza, uanze upya na mistari 10 tu, ukiteua yenye mambo magumu: tarehe zilizo baada ya 12 ya mwezi, jina lenye herufi za kigeni, maelezo yenye mkato ndani yake. Hizo zikipita salama, leta zilizobaki. Na kabla ya hapo jiulize kama zote 400 ziko hai. Kazi ambayo hakuna aliyeigusa kwa miezi sita ibaki kwenye Excel kama kumbukumbu.

Tulianza kwa bidii, lakini baada ya mwezi hakuna anayefungua programu. Tubadilishe?
*Kiongozi wa timu*

Kabla ya kubadilisha, angalia arifa. Programu nyingi huanza zikituma ujumbe kwa kila maoni, kila kadi iliyosogezwa, kila tarehe iliyoguswa. Siku ya nne mtu anazima zote, na ile moja iliyomhusu inazimika nazo. Bakizeni mbili: umepewa kazi, na umetajwa kwa jina.

Halafu angalia mkutano wenu. Kama kwenye kikao cha Jumatatu bado mnaulizana “umefikia wapi?” mmoja baada ya mwingine, mmewaonyesha watu kwamba kuandika kwenye programu ni kazi ya ziada isiyosomwa na yeyote. Fungueni ubao ukutani, muongelee kadi zilizosimama tu. Kadi iliyosogea haina haja ya maelezo. Mara nyingi hili linatosha, na programu ileile inafufuka.

Nafanya kazi peke yangu. Nahitaji programu kweli? Na kazi zinazojirudia nazipangaje?
*Mhasibu wa kujitegemea*

Kama kazi zako zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, daftari linatosha. Wewe lakini unazo zinazojirudia, na hapo programu inakupunguzia mzigo wa kukumbuka.

Kuna aina mbili za kurudia, na kuzichanganya ndiko kunakoleta vurugu. Kodi ya mwezi hufuata kalenda: hata ukichelewa kuilipa siku tano, inayofuata iko palepale. Kubadilisha nenosiri kila baada ya siku 90 hufuata siku ulipolibadilisha mara ya mwisho. Kwenye Todoist, ukiandika neno la Kiingereza “every” unapata aina ya kwanza, ukiongeza alama ya mshangao, “every!”, hesabu inaanza upya siku unapokamilisha. Programu nyingine huweka chaguo hilo kwenye menyu ya kurudia. Kama hulioni kabisa, hiyo si programu ya mhasibu.

Mtandao wetu hukatika kila mara. Nitajuaje kama programu inafanya kazi bila intaneti?
*Msimamizi wa ghala*

Usitegemee maelezo ya dukani. Washa hali ya ndege, funga programu kabisa, ifungue tena. Ongeza kazi tatu na uhariri moja ya zamani, huku mwenzako mwenye mtandao akiihariri hiyohiyo. Kisha rudisha mtandao. Kazi tatu zikionekana kwa mwenzako, vizuri. Ile mliyogusa wote wawili ndiyo mtihani: katika programu nyingi maandishi ya mwisho kufika huyafuta ya kwanza bila kuuliza. Ikiwa hivyo, waambie watu waongeze maoni mapya badala ya kuhariri maelezo yaliyopo.

Naogopa kuweka kila kitu kwenye programu moja halafu ifungwe, au aliyeifungua aache kazi. Nijikinge vipi?
*Katibu wa chama*

Hofu yako ina msingi. Wunderlist ilipendwa na wengi, Microsoft ikainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Watumiaji wakaelekezwa Microsoft To Do. Walipewa muda na njia ya kuhama, jambo ambalo si kila kampuni hulifanya.

Jaribu kutoka kabla hujaingia. Siku ya kwanza ya majaribio, toa data yako nje na uifungue. Trello, kwa mfano, hukupa ubao wako kwa JSON (faili ya maandishi iliyopangwa ili isomwe na programu) hata kwenye akaunti ya bure, ila CSV ni kwa baadhi ya mipango ya kulipia, na viambatisho huja kama viungo tu. Faili zenyewe hazimo. Ndiyo maana mikataba na risiti zihifadhiwe kwenye folda yenu, na kadi ibebe kiungo. Wenye mtu wa kutunza seva wanaweza kuangalia programu za chanzo huria, yaani ambazo msimbo wake uko wazi na mnaweza kuziendesha wenyewe, kama OpenProject, Redmine au Kanboard. Hizo haziwezi kuzimwa na muuzaji, lakini nakala za akiba na masasisho ni juu yenu, na kama hakuna wa kuyafanya kila mwezi, bakini kwenye huduma ya kulipia.

Kuhusu anayeondoka: akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, si ya mtu, na wasimamizi wawe wawili. Mtu akiaga, usifute akaunti yake siku hiyo. Kwanza hamishia kazi zake kwa mrithi, kisha angalia miunganisho aliyoiweka, kama fomu inayozalisha kadi au kalenda iliyoungwa na ubao. Mara nyingi hiyo hufanya kazi kwa idhini ya akaunti yake, na ikifutwa inanyamaza bila taarifa. Iunganishe upya kwa akaunti ya chama, tuma fomu moja ya majaribio, na kadi ikitokea ndipo umwondoe.