Kutazama maafa si roho mbaya: niliyoyaona Kigoma

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini watu hukimbilia ajali, na tena hulipa kiingilio kutazama wenzao wakifa kwenye filamu. Wachangiaji wengi wamejibu kwamba ni roho mbaya. Mimi nakataa.

Nimekulia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo banda la video hujaa. Ulipowekwa mkanda wa kuzama kwa Titanic, habari ya mapenzi hakuna aliyeijali. Walibishania boti za kuokolea watu. Meli imebeba watu zaidi ya 2,200, boti ni 20 zenye nafasi za watu 1,178, halafu nyingine zinashushwa hazijajaa hata nusu! Mzee mmoja alinyanyuka akagusa kioo cha runinga kwa kidole: "Hapa! Hapa ndipo walipowaua." Mara wakahamia kwa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. Ilipinduka, ikabaki inaelea, ikatobolewa ili walionaswa watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Ubishi wa lile tundu ulikwenda hadi usiku wa manane.

Wale hawakuwa wakifurahia vifo. Walikuwa wanatafuta pale ambapo mambo yangeweza kugeuka, kwa sababu mwezi ukififia wao wanarudi majini.

Miaka kadhaa baadaye mtumbwi wa abiria ulipinduka jirani na Kibirizi, msimu wa kusi. Sikuwa na ndugu ndani yake, lakini nilikwenda, nikasimama tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Safari hii hakuna aliyebisha. Kulikuwa na dumu la njano, wimbi linalileta, linalichukua, linalileta tena, nami nimelikodolea macho kana kwamba litasema kitu. Raha sikuipata hata chembe. Miguu ndiyo iliyogoma kuondoka. (Wanaopiga picha maiti na kuzirusha kwenye magrupu siwatetei, hilo ni jambo jingine kabisa.)

Pembeni yangu alikuwepo mama muuza mawese. Kila aliyeokolewa akipita na shuka mabegani, alimsogelea na kumuuliza taratibu: "Pole baba. Ulikaa upande gani?" Nikadhani ana mtu wake ndani ya ule mtumbwi. Hapana. Jumamosi alikuwa na safari ya mtumbwi kwenda Kagunga.