Kitalu msimu wa mvua: maswali yenu

Huku Tabora mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na simu za wenye vitalu huanza kuita bila kupumzika. Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwenye pilikapilika hizo.

Shikamoo. Nina kitalu kidogo hapa Isevya. Mvua imenyesha mara mbili tu, wateja wanataka miembe, na miche yangu bado iko kivulini. Nikikataa wataenda kwa jirani. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Usiiuze hivyo. Mche uliotoka kivulini leo na kupandwa kesho kwenye jua la Novemba huungua majani ndani ya siku chache, na mvua za mwanzo zina tabia ya kukatika ghafla. Mteja hatalaumu jua. Atasema miche ya kwako haishiki, na atawaambia wenzake.

Wiki tatu au nne kabla ya kuuza, punguza nyasi za kichanja kinachotia kivuli kidogo kidogo mpaka miche izoee jua la mchana kutwa. Punguza na maji: kama ulikuwa unamwagilia kila siku, ruka siku moja. Inua kila kiriba, yaani mfuko wa plastiki wenye mche, mizizi iliyotoboa chini ikate kwa mkasi mkali, kisha mwagilia na uirudishe miche kivulini siku mbili. Halafu tazama majani ya mwembe. Yale machanga, mekundu na yanayoning'inia, ni dalili kwamba mche uko katikati ya kuchipua. Ukipakiwa kwenye bodaboda hadi Uyui utafika umenyauka. Subiri yageuke kijani na kukakamaa.

Kuhusu jirani: chukua oda, pokea malipo ya awali, andika jina la mteja kwenye kiriba chake akiona. Mvua yetu ni ya msimu mmoja na huendelea hadi Aprili, kwa hiyo atakayepanda katikati ya Desemba hajachelewa. Mweleze hivyo bila kumficha kitu. Wengi husubiri wakishajua sababu.

Habari za kazi. Mipapai yangu inaota vizuri, kisha inalala chini, shina limesinyaa pale linapogusa udongo. Ni wadudu? (Urambo)

Hapana, ni kinyausi. Vimelea vyake hukaa udongoni na hupenda maji mengi, miche iliyosongamana na hewa isiyopita. Ng'oa iliyougua pamoja na udongo wake, ukaitupe mbali na kitalu. Iliyobaki ipunguzie maji, fungua kivuli, na umwagilie asubuhi badala ya jioni ili udongo usilale umelowa. Udongo huo usiutumie tena kwa mbegu, na samadi iwe imeoza kabisa.

Mteja wa papai mwambie apande miche mitatu kila shimo. Dume na jike havijulikani mpaka maua yatoke. Hapo ndipo atapunguza.

Mwaka jana niliotesha mininga. Kiangazi yote imekauka. Nimwage viriba? (Sikonge)

Usimwage hata kimoja! Nimefurahi umeuliza kwanza. Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi wake ukiendelea kunenepa chini, na mvua zikirudi huchipua upya. Chukua kiriba kimoja, fukua taratibu, kwangua mzizi kwa ukucha. Ukikuta ndani ni mbichi, mche uko hai.

Kwa sababu hiyo mninga hauleti pesa ya haraka kitaluni, na mteja asiyeambiwa hung'oa mche mzima akidhani umekufa. Mwambie kabla hajalipa, na auwekee mche kijiti cha alama shambani ili jembe lisiupitie. Hata hivyo naomba usiache kuuotesha. Mninga unakatwa kwa mbao kila mwaka, na wanaoupanda ni wachache mno.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Viriba je? (Nzega)

Katazo lililoanza Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo havikuhusika. Ila msisitize mteja akichane kiriba na kukitoa kabla ya kufukia. Nimeona miti iliyodumaa ambayo mizizi yake ilikuwa bado inazunguka ndani ya plastiki.

Shikamoo mzee. Niko Kasulu. Jirani ana michikichi ya Tenera inayozaa sana. Naweza kuokota mbegu zake nikaanzisha kitalu?

Marahaba. Kuota zitaota, lakini si zote zitakuwa Tenera. Tenera hupatikana kwa kuchavusha Dura, yenye kifuu kinene, kwa Pisifera isiyo na kifuu. Tenera zikichavushana zenyewe, kwa wastani robo ya watoto hurudi kuwa Dura, nusu huwa Tenera, na robo huwa Pisifera, ambazo nyingi hazizai vizuri. Kwa macho hutazitofautisha kitaluni. Mkulima atagundua baada ya miaka, ameshatumia eneo na jasho lake. Usimfanyie hivyo. Wewe uko mkoa wenye kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachozalisha mbegu za mchikichi. Anzia huko, na uende mapema, maana mche wa mchikichi hukaa kitaluni karibu mwaka mzima: anayetaka kuuza Novemba ijayo aanze kutafuta mbegu sasa hivi.