Modemu inaita, seva haipokei

Kama mtumiaji anapiga simu kwa modemu ili aunganishwe na seva ya Windows, simu ikaita hadi mwisho na seva isipokee, achana kwanza na nywila za watumiaji, hujafika huko. Simamisha kwa muda huduma ya RAS (Remote Access Service, inayopokea watumiaji wanaoingia kwenye seva kutoka mbali), maana nayo hushikilia poti ya modemu, kisha fungua programu ya temino (ya kuiandikia modemu amri moja kwa moja), chagua poti hiyo na uandike AT. Ikijibu OK, kebo na poti ni nzima. Poti ikikataa kufunguka, kuna programu nyingine imeing'ang'ania, mara nyingi huduma ya faksi iliyowashwa ikasahaulika. Izime.

Sasa piga simu huku ukitazama skrini: neno RING lazima litokee. Lisipotokea, kagua laini, na hasa waya uliochomekwa tundu la PHONE badala ya LINE. Likitokea, andika ATA, amri ya kupokea simu. Modemu ikipokea na kuanza kupiga mluzi, yenyewe haina kosa; washa RAS tena, uhakikishe poti hiyo imeruhusiwa kupokea simu, si kupiga tu. Hapo ndipo wengi hukwama.

Ukija kuona kosa 691 (seva imepokea simu lakini imemkataa mtumiaji), ndipo ukague jina, nywila na ruhusa ya akaunti kuingia kwa simu.