Usiku wa Nashville: fuata zamu za bendi, usifuate taa

Kinachowaharibia wageni wengi safari ya Nashville, jiji la muziki wa kantri huko Marekani, ni kusubiri Jumamosi usiku. Mtu analala mchana, anakula, kisha saa nne usiku anajitosa Lower Broadway. Anapanga foleni, anapandishwa ghorofa ya tatu ya baa yenye jina la mwimbaji maarufu, na huko anakuta bendi inapiga roki. Anarudi hotelini akisema kantri imekwisha. Kantri ipo tele, ila saa yake ilimpita akiwa amelala.

Lower Broadway ni kipande kifupi tu cha barabara, kutoka mto Cumberland hadi barabara ya tano, kilichojaa baa ziitwazo honki-tonki. Nyingi hazina kiingilio, na muziki laivu huanza asubuhi. Bendi hupokezana kwa zamu za takriban saa nne: ya kwanza saa nne asubuhi, nyingine saa nane mchana, nyingine saa kumi na mbili jioni, na ya mwisho saa nne usiku, kuelekea saa tisa ambapo baa zinafunga. Saa hutofautiana kidogo baa kwa baa, lakini ukishaielewa ratiba hii umelielewa jiji.

Zamu ya saa nane mchana, Jumatatu hadi Alhamisi, ndiyo ya kuiwahi. Wapigaji ni hodari vilevile, watu ni wachache, sauti haijapandishwa ili kushinda kelele za wateja, na bendi ina nafasi ya kupokea maombi. Ukitaka kiti karibu na jukwaa, ingia pale zamu zinapobadilishana. Bendi moja inakunja nyaya, nyingine inafunga ngoma, wateja wanatoka kuvuta hewa, na viti vya mbele vinabaki wazi kwa robo saa hivi.

Namna ya kuchagua baa ni rahisi. Katika baa kongwe jukwaa liko dirishani, bendi imeipa barabara mgongo, kwa hiyo chungulia kabla ya kuingia. Ukiona gitaa la stili, lile linalolazwa kama meza na kupigwa mtu akiwa ameketi huku miguu ikibonyeza pedali, na kando yake kuna fidla na besi ya kusimama, ingia. Hilo stili ndilo linalotoa mlio ule wa kulia unaovutwa kutoka noti moja hadi nyingine. Ukiona magitaa mawili ya umeme, ngoma kubwa na spika zimerundikwa hadi darini, hiyo ni sherehe. Utacheza, lakini usitarajie zilipendwa. Wapenzi wa Jim Reeves, Skeeter Davis na Don Williams, ambao Kenya wako wengi, waanzie Robert's Western World. Hapo kantri ya zamani inapigwa kwa heshima, na buti zimepangwa ukutani kwa sababu zamani hapo palikuwa pakiuzwa buti. Tootsie's Orchid Lounge, yenye rangi ya zambarau, ilifunguliwa 1960. Mlango wake wa nyuma unatokea kwenye kichochoro cha ukumbi wa Ryman, na wanamuziki walikuwa wakivuka hapo kwenda kunywa kati ya nyimbo zao. Jengo lina ghorofa kadhaa, na kila ghorofa ina bendi yake. Kaa ya chini.

Sasa suala la pesa, na hapa tunaomba wasomaji wawe makini. Malipo ya baa kwa mwanamuziki ni madogo. Kinachomlipia kodi ya nyumba ni ndoo inayopitishwa kati ya meza. Waliokulia kwenye taarabu hawahitaji somo: huku ni kutuza, ila badala ya kwenda mbele na noti, ndoo inakujia. Piga hesabu. Watu wanne wakikaa saa mbili na kila mmoja akatia dola 1, bendi ya watu watano imegawana dola 4. Kiwango cha haki ni dola 5 kwa kila mtu kwa saa moja unayokaa, na dola 20 unapoomba wimbo. Andika jina la wimbo kwenye kikaratasi, kizungushie noti, ukiweke ndooni. Usipige kelele kutoka mezani. Tembea na noti za dola 1 na 5 zisizopungua 40 kwa jumla. Bendi nyingi hubandika pia msimbo wa kulipia kwa simu, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya Marekani mara nyingi hawezi kuutumia, kwa hiyo asitegemee simu.

Bili ya vinywaji nayo hushtua. Tennessee inatoza kodi ya asilimia 15 juu ya pombe kali na mvinyo vinavyouzwa kwa glasi, halafu kuna kodi ya mauzo ya karibu asilimia 10, halafu bakshishi ya mhudumu asilimia 20. Kinywaji kilichoandikwa dola 15 kinaweza kukutoka kwa karibu 22. Baadhi ya baa huwa zimeshajumlisha kodi kwenye bei, uliza. Bia ya kawaida haiguswi na ile kodi ya asilimia 15.

Mlangoni utaombwa kitambulisho hata kama una mvi. Umri wa kunywa ni miaka 21, na picha ya pasipoti iliyo kwenye simu haikubaliki. Leseni ya udereva ya nyumbani nayo hukataliwa mara nyingi. Beba pasipoti yenyewe, mfuko wa ndani. Wenye watoto waende mchana, maana baa nyingi huwatoa walio chini ya miaka 21 jioni inapoingia. Nunua pia viziba masikio vya sponji dukani. Ukilazimika kumpigia ukelele mtu aliye hatua moja kutoka kwako, sauti hiyo inaumiza. Kwa desibeli 100, wataalamu wa afya kazini wa Marekani hupendekeza dakika 15 tu kwa siku.

Nje ya Broadway mambo ni tofauti kabisa. Bluebird Cafe, iliyoanzishwa 1982, iko kwenye safu ya maduka ya kawaida huko Green Hills, ina viti kama 90, na watunzi hukaa katikati ya chumba wakipokezana nyimbo na kueleza zilivyozaliwa. Huko kuongea ni marufuku. Nafasi huwekwa mtandaoni na huisha kwa dakika chache, kwa hiyo fungua akaunti mapema na uwe mbele ya skrini saa ile mauzo yanapofunguliwa. Ukikosa, jaribu Jumatatu, siku ya jukwaa huria, ambapo anayetaka anaweza kupanda kuimba.

Ukumbi wa Ryman ulijengwa kama nyumba ya ibada mwaka 1892, na ndiyo maana hadi leo unakaa kwenye mabenchi ya mbao. Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza 1925, kilikuwa hapo kuanzia 1943 hadi 1974, kisha kikahamia Opry House, kilomita 16 hivi kutoka katikati ya jiji. Tiketi moja inakupa waimbaji wengi kwa saa mbili, kila mmoja na nyimbo chache. Tenga nauli ya teksi ya kwenda na kurudi, na usipange kitu kingine jioni hiyo.

Kabla ya usiku wowote, pitia Country Music Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa kantri, mchana. Humo yumo DeFord Bailey, Mweusi mpiga harmonika aliyekuwa nyota wa Opry tangu siku zake za mwanzo na akaingizwa 2005, kuchelewa mno. Yumo mwimbaji Jimmie Rodgers pia, mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa mwaka 1961. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, wakamwita Chemirocha na kumwimbia. Wimbo huo ulirekodiwa Kenya mwaka 1950.

Kurudi hotelini, usiite gari ukiwa Broadway yenyewe. Saa nane hadi saa tisa usiku bei hupanda sana na magari hukwama. Tembea mitaa minne au mitano kupandisha mlima, mahali penye mwanga na watu, ndipo uite. Au ondoka saa saba na nusu.

Ikiwa umebakiwa na Jumapili usiku, nenda Station Inn, mtaa wa The Gulch. Ni ukumbi mdogo ulioanzishwa 1974, na Jumapili wapigaji wa bluugrasi, kantri ya ala zisizo za umeme, hukaa duara na kupiga pamoja bila kiingilio. Mwenye banjo, mandolini au gitaa kavu aje nalo, asikilize nyimbo mbili tatu nje ya duara kwanza, kisha aombe kiti.